Papai la Bibi

Bibi yangu amebakiwa na meno ya mbele tu, na tunda analolipenda kuliko yote ni papai. Embe humwachia nyuzi kwenye meno, nanasi humchoma mdomo. Papai lililoiva analiponda kwa ulimi tu. Humkatia vipande vidogo, nikakamulia ndimu. Karibu asilimia 88 ya papai ni maji, jambo kubwa kwa mzee anayesahau kunywa, na nyuzinyuzi zake humsaidia kupata choo bila kuhangaika. Hilo la choo wazee hawalisemi, lakini linawatesa sana! Bichi simpi: utomvu wake una papaini, kimeng'enya kinachovunja protini, nao huwasha. Nachagua lililogeuka manjano karibu lote, linalobonyea kidogo likiguswa.