Mashine za biti 32 bado zinaniuma

Leo nimeshinda Ngamiani, hapa Tanga, na kompyuta nne za shule, zote za prosesa za biti 32, zile za zamani. Nilitaka kuziwekea Debian 13, toleo la mfumo endeshi huria wa Debian lililotoka Agosti 2025. Imegoma: toleo hilo halina tena kerneli (kiini cha mfumo) wala kisakinishi cha i386, yaani prosesa hizo za biti 32. Nimerudi Debian 12, zimewaka zote, watoto wamepiga makofi!

Jamani, nawaelewa wanaoitunza Debian. Pakiti nyingi, yaani programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa, zinajengwa upya kwa kila aina ya prosesa. Pakiti ikivunjika kwa prosesa moja tu, kuna mtu atakesha akitafuta kosa, na wengi wao wanajitolea. Toleo hilohilo la 13 limeipokea rasmi RISC-V, aina ya prosesa ya muundo huria, hilo limenifurahisha sana.

Kwa hapa Tanga, mwenye ujuzi wa kujenga pakiti tuonane Jumamosi. Chai ipo.