Siku Moja na Nyuzi Zinazopitisha Umeme

Saa 1:00 asubuhi. Jambo la kwanza ninalolitazama nikiamka ni unyevu wa hewa, kwa kuwa Philadelphia mwezi wa Julai hupata joto zito linalonikumbusha pwani, na unyevu huo ndio adui wa kazi yangu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, na utafiti wangu ni kutengeneza nyuzi za polima (molekuli ndefu zilizoungana kama minyororo) zinazopitisha umeme, nyembamba kiasi kwamba nyuzi 150 na zaidi zingeweza kulazwa bega kwa bega katika upana wa unywele mmoja.

Saa 3:00 asubuhi. Naikuta chupa ya jana ikiendelea kukorogwa kwa sumaku ndani ya kabati la kuvutia mvuke. Humo mna gramu 0.1 ya polianilini, ndiyo polima yangu ya kupitisha umeme, asidi itokanayo na kafuri, na mililita 10 za kloroformu ya kuviyeyusha. Polianilini ikiwa haijatiwa asidi huwa ya buluu na haipitishi umeme. Ikishapata asidi hugeuka kijani kilichokolea na umeme ukaanza kupita. Kila ninapoiona rangi hiyo nafurahi, kwani inaniambia kabla ya kipimo chochote kwamba kemia imekubali.

Ugumu unaanzia hapo. Minyororo ya polianilini ni mifupi na mikakamavu, haisukani vya kutosha, na ukijaribu kuivuta peke yake iwe uzi hukatika matone. Kwa sababu hiyo naongeza polietilini oksidi, polima yenye minyororo mirefu inayoshikana na kuibeba ile nyingine. Lakini mbebaji huyu hapitishi umeme hata kidogo, kwa hiyo kila miligramu ninayoiongeza inanipa uzi bora na kuniondolea sehemu ya umeme ninaoutafuta. Utafiti wangu wa mwaka mzima umo katika uwiano huo. Leo napima miligramu 20, kisha naacha mchanganyiko ukorogeke kwa saa mbili.

Saa 5:30 asubuhi. Naujaza mchanganyiko katika bomba la sindano, naliweka kwenye pampu inayolisukuma polepole, naunganisha sindano na volti 15,000, na kwa umbali wa sentimita 15 naweka bamba la alumini lililounganishwa na ardhi. Tone kwenye ncha ya sindano huvutwa likawa koni ndogo, umbo ambalo mwanafizikia Geoffrey Taylor alilieleza kwa hesabu mwaka 1964, na kutoka kileleni mwake huchomoka mchirizi unaopindapinda na kunyooka kwa kasi, huku kloroformu ikiyeyukia hewani. Kinachofika kwenye bamba ni utando mwepesi wa kijani, mfano wa utandabui.

Leo utando haukutokea. Mwenzangu kutoka Mombasa alichungulia kioo cha kabati, akaniambia, "Dada, hewa imejaa maji, hizo zitagandamana." Alisema kweli: polietilini oksidi hupenda maji, na nyuzi zilikuwa zimelowa na kushikana. Tulizima umeme, tukaondoa chaji kwa fimbo ya ardhi kabla ya kugusa chochote, tukapitisha hewa kavu ndani ya kabati, tukaanza upya.

Saa 8:00 mchana. Utando wa pili nimeupeleka kwenye darubini ya elektroni. Nyuzi nyingi zina unene wa nanomita 300 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), ingawa chache zina vifundo kama shanga. Nikiwa nasubiri picha nilikumbuka kwamba ni katika mji huu huu, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambapo mwaka 1977 Alan MacDiarmid, Alan Heeger na Hideki Shirakawa walionyesha kuwa poliasetilini, polima nyingine, ikitiwa iodini hupitisha umeme, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Mwaka huo huo MacDiarmid na wenzake walichapisha matokeo ya nyuzi za polianilini zilizovutwa kwa njia hii ninayoitumia.

Saa 10:00 jioni. Utando kwa jumla hupitisha umeme kidogo kuliko tabaka jembamba lisilo na matundu la mchanganyiko ule ule, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni hewa. Hata hivyo nafasi hizo ndizo ninazozithamini, maana gesi hupenya na kuugusa kila uzi pande zote. Nilipopitisha amonia kidogo, gesi hiyo ilinyakua protoni (chembe zenye chaji chanya) zilizoletwa na asidi, na ukinzani, yaani kiasi utando unavyozuia umeme, ukapanda mara moja. Nilipoirudisha hewa safi, ukashuka taratibu. Samaki anayeoza hutoa mvuke wa jamii hiyo ya amonia, na shabaha yangu ni kipande cha utando ndani ya boksi la samaki kitakachotoa taarifa kabla pua haijahisi.

Saa 12:30 jioni. Nimeandika vipimo vyote daftarini na kuosha sindano kabla haijaziba. Kwa ajili ya kesho nimepima miligramu 15 za polietilini oksidi, tano pungufu ya leo, na hewa kavu itaanza kupita kabatini nusu saa kabla sijawasha umeme.