Titi langu limetoka tumboni

Miaka miwili baada ya kukatwa titi la kushoto nilikuwa nashona vifuko, navijaza ulezi vipate uzito, kisha navitia kwenye sidiria kabla sijafungua kibanda changu cha cherehani hapa Ngamiani. Joto la Tanga mnalijua. Ulezi ukilowa jasho unanuka. Siku moja kifuko kilishuka mpaka kiunoni nikiwa nampima mteja mabega. Yule mama aligeuka akatazama barabarani mpaka nikamaliza kujiweka sawa, na mpaka leo namwombea dua.

Nilipotaka kutengenezewa titi jipya, daktari wa Dar aliniambia silikoni, yaani titi bandia linalowekwa chini ya ngozi, haitanifaa sana. Nilikuwa nimeshapigwa mionzi, na ngozi iliyopigwa mionzi hukakamaa. Mara nyingi kovu gumu huizunguka silikoni na kuibana. Tena si kitu cha maisha, huenda baadaye ukarudi kubadilishwa. Akashika nyama ya chini ya kitovu changu, niliyoachiwa na uzazi wa watoto watatu, akasema, "Mama, hii inatosha."

Alipoeleza nilimwelewa kifundi. Kipande cha ngozi na mafuta hakitenganishwi na mwili. Kinabaki kimeshikwa na msuli wa tumbo wenye mishipa yake ya damu, kisha kinapitishwa chini ya ngozi, kama unavyopitisha kamba kwenye upindo wa sketi, kikatokee kifuani. Tumbo linavutwa na kushonwa nyonga hadi nyonga. Kitovu hakihami, ngozi iliyovutwa ndiyo inayotobolewa tundu jipya. Nimetoboa matundu ya vifungo maisha yangu yote, nikalia pale pale kwenye kiti.

Ipo njia nyingine inayouacha msuli mahali pake. Kipande hukatwa kabisa, na mishipa ya milimita 2 au 3 huunganishwa upya kifuani chini ya darubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Inataka vifaa na saa nyingi. Kama unaweza kuipata, iulizie.

Usiku wa kwanza baada ya upasuaji nesi alikuja kila saa, analibonyeza titi jipya kwa kidole aone rangi ikirudi. Nilitembea nimeinama siku nyingi. Ndoo sikugusa kwa miezi, maana tumbo lililopungukiwa msuli ni rahisi kupata ngiri.

Na titi hili halina hisia. Lazima niliseme hili. Ramadhani iliyopita niliegemeza sufuria ya uji kifuani, lengelenge nikaliona jioni naoga.

Somo wangu alilitazama, akasema, "Mwanangu, hilo ni tumbo, si titi." Nikamjibu, "Somo, ni mimi." Mwaka huu nimenenepa, nalo limenenepa pamoja nami, nimelegeza sidiria pande zote mbili sawasawa. Vile vifuko nilivifumua, ulezi nikawamwagia kuku.