Kutoka Kilwa hadi Souillac

Mgeni akija Kilwa Kisiwani tunampeleka Gereza, ile ngome iliyo mbele ya maji, kisha Msikiti Mkuu, kisha Makutani, na akiwa bado na nguvu za kutembea tunamfikisha Husuni Kubwa. Katika mzunguko wote huo habari ya utumwa hugusiwa mara moja tu: watu waliletwa kutoka bara wakiwa wamefungwa, wakauzwa, wakapakiwa melini. Darasani nami nilikuwa nikifundisha hivyo hivyo. Meli inang'oa nanga na somo linakwisha, na waliomo ndani hakuna anayewauliza tena.

Agosti 2018 nilikwenda Mauritius kwa semina ya walimu wa historia. Shughuli zote zilikuwa Port Louis, lakini siku ya mapumziko mwalimu mwenzangu, dada mmoja mwenyeji, alinikaribisha kwao Souillac, mji mdogo wa pwani ya kusini katika wilaya ya Savanne. Tulipanda basi hadi Curepipe, juu kwenye baridi na ukungu, tukabadilisha basi, tukaanza kuteremka kuelekea baharini.

Kilichonishangaza njiani si miwa. Miwa nimeizoea, na Mauritius nilitegemea kuiona. Kilichonishangaza ni mawe. Kisiwa kile kilizaliwa na volkano, na ardhi yake imejaa mawe meusi mazito. Ili muwa upandwe, kila jiwe lilibidi ling'olewe na kuondolewa. Basi katikati ya mashamba yamesimama malundo ya mawe yaliyopangwa vizuri, mengine marefu kuliko nyumba, miwa imeyazunguka pande zote. Nilimuuliza mwenzangu ni nani aliyeyapanga. Akanijibu, "Kwanza wa kwenu, halafu wa kwetu." Alisema hivyo bila kupindisha, na sikuona namna bora ya kuisema historia ya nchi ile.

Wa kwetu ni watumwa waliotolewa Afrika Mashariki na Madagaska. Waholanzi ndio waliouleta muwa kutoka Java mwaka 1639, lakini ni Wafaransa, walipokishika kisiwa karne ya 18 na kukiita Île de France, walioujengea viwanda na kuutafutia mikono ya kuulima. Waingereza wakakitwaa mwaka 1810, sukari ikazidi kupanuka. Utumwa ulikomeshwa rasmi tarehe 1 Februari 1835, siku ambayo hadi leo ni sikukuu ya taifa. Lakini walioachwa huru, zaidi ya watu 60,000, walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wale wale mpaka 1839, kwa jina la kufundishwa kazi. Serikali ya Uingereza ililipa fidia ya zaidi ya pauni milioni 2 kwa ajili ya kisiwa kile. Waliolipwa ni wenye watumwa. Mtumwa hakupewa hata senti. Jambo hili nilikuwa nimelisoma siku nyingi, lakini kulikumbuka huku natazama mawe yale ni kitu kingine. Nilikasirika, na hasira ile sijaitua.

Wa kwao ni Wahindi walioletwa kwa mkataba kuanzia 1834. Kwa muda wa miaka themanini na kitu waliteremshwa Port Louis watu karibu nusu milioni.

Mama yake mwenzangu alitupokea kwa chai yenye harufu ya vanila na chapati laini za dengu, wanaziita dholl puri. Nilimwamkia, akanishika mikono yote miwili, akaniita mwanangu kabla hata hajaambiwa jina langu. Alikuwa kibarua wa miwa tangu ujana mpaka alipostaafu. Nilipomwomba anieleze kazi ilikuwaje, aliingia ndani akarudi na soksi kuukuu zilizokatwa vidole. Akavaa moja mkononi mpaka juu ya kiwiko ili nione. Jani la muwa lina meno madogo pembeni, akaniambia, na hulioni likikukata. Unajua jioni ukitia mkono majini. Soksi, kanga kichwani na shingoni, kofia ya ukili juu yake, buti, halafu unaingia shambani bado giza. Babu wa baba yake alitoka Bihar, India, kwa mkataba wa miaka mitano, rupia 5 kwa mwezi. Aliyekosa kazi siku moja alikatwa mshahara wa siku mbili. Mama aliitaja adhabu hiyo kwa uchungu kana kwamba aliyekatwa ni yeye, na mwenzangu alipokuwa akinitafsiria kutoka Krioli alikuwa akirudia: siku mbili, sikia, siku mbili.

Mchana tulizunguka mji. Souillac umepewa jina la gavana wa Kifaransa wa miaka ya 1780, na ulikua kwa sababu moja tu, ghuba yake ndogo. Sukari ya mashamba ya kusini ilishushwa pale ikapakiwa kwenye mashua za pwani kwenda Port Louis, ambako meli kubwa zilikuwa zikisubiri. Baadaye ilikuja reli, mashua zikakosa kazi; kisha nayo reli ikafungwa miaka ya 1950 na 1960. Ghala la mawe la bandarini bado limesimama, siku hizi watalii wanakula samaki ndani yake. Viwanda vya sukari navyo vimefungwa kimoja baada ya kingine. Umoja wa Ulaya ulipopunguza bei ya sukari kwa asilimia 36, kati ya 2006 na 2009, wengi hawakustahimili. Leo kisiwa kizima kina viwanda vitatu tu. Dohani za mawe za viwanda vya zamani zimebaki peke yake mashambani, nyingine zimeotwa na mimea juu. Malori ya miwa tuliyopishana nayo yalikuwa yakienda mbali.

Kuna bustani pale ufukweni, inaitwa Telfair, kwa jina la Mwairishi Charles Telfair aliyekuwa na shamba la miwa Bel Ombre, mbele kidogo. Imejaa mikungu. Nilisimama chini yake nikaokota kungu moja iliyoiva, nikaitafuna, ladha ile ile ya Kilwa Masoko. Mwenzangu alicheka, akasema watoto wa Souillac nao huzipasua kwa mawe watoe mbegu. Toka hapo ni mwendo mfupi hadi Gris-Gris. Sehemu kubwa ya Mauritius imezungukwa na mwamba wa matumbawe unaozuia mawimbi, ila hapo mwamba umekatika. Bahari ya kusini inakuja na nguvu zake zote na kupiga genge. Agosti ni kipupwe, upepo ulikuwa mkali hata kuzungumza ilibidi tupige kelele.

Ilikuwa wakati wa kurudi ndipo mwenzangu aliponipitisha kwa jirani yao, mzee mvuvi wa miaka sabini na zaidi. Weusi wengi baada ya 1839 waliyahama mashamba wakaenda pwani kuvua, kushona, kujenga. Ukoo wa mzee huyu ulikuwa miongoni mwao. Tulimkuta uani na mjukuu wake wa kike, amewasha moto wa majani makavu ya miwa, ameinamisha juu yake ngoma pana ya duara, nyembamba, yenye ngozi ya mbuzi. Ile ngoma wanaiita ravanne, ndiyo roho ya sega, muziki wa kisiwa kile. Alikuwa akiigeuza polepole, anagonga kwa kidole, anasikiliza, anairudisha motoni. Nikamwambia mwenzangu: huyu anaipasha ngoma. Kwetu hakuna mpigaji anayeingia uwanjani kabla ngoma haijaota moto. Nikaomba nijaribu, mzee akanipa, nikaigonga kama nilivyowaona wapigaji wa nyumbani wakigonga, nikaisikia ikiwa bado inalegea upande mmoja, nikairudisha juu ya moto upande huo. Mzee akaniangalia. "Umetoka Mozambique?"

Nikasema hapana, mzee, natoka Tanzania, mji wa Kilwa.

Hakuwa amewahi kulisikia jina hilo. Kwao, wote waliotoka pwani yetu waliandikwa Mozambique kwenye vitabu vya wenye mashamba, awe Mmakua, Myao au Mngindo, awe alipakiwa Ibo kule Msumbiji au Kilwa. Majina ya ukoo nayo wengi walipewa na mabwana au makarani. Mzee alijua babu zake walitoka Mozambique, zaidi ya hapo hakuna aliyemwambia kitu. Basi nikakaa kwenye kibao nikamweleza. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifika Kilwa, akafunga mkataba na sultani: atapewa watu 1,000 kila mwaka, kila mtu kwa piastre 20, sarafu ya biashara ya wakati ule, na mkataba udumu miaka 100. Haukudumu hivyo, Morice hakuishi muda mrefu baada yake, lakini meli za Kifaransa ziliendelea kuja, na zilichopakia kililetwa visiwa hivi viwili, hapa na jirani yake Bourbon, ambayo leo ni Réunion.

Mzee akauliza swali ambalo hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuniuliza. "Na sultani, yeye alipata nini?"

Nikamwambia. Juu ya bei, sultani alipewa zawadi ya piastre 2 kwa kila kichwa. Akatoa na ngome, Mfaransa aweke mizinga na bendera yake. Mwenzangu alitafsiri kwa sauti ya chini, akaniangalia kama anayetaka kuhakikisha kwamba ndivyo nilivyosema. Ndivyo nilivyosema. Nyumbani tunapenda kuisimulia biashara ile kama kitu kilichotujia na upepo wa kusi, cha Wafaransa na Waarabu, na sisi tulikuwa tumekaa tu ufukweni. Sikuweza kumwambia mzee yule maneno hayo, uani kwake, ngoma yake ikiwa magotini mwangu.

"Jina lake nani?"

"Sultani Hasan bin Ibrahim."

Akalirudia mara kadhaa mpaka likakaa vizuri mdomoni. Kisha akamwita mjukuu aache moto, alete daftari la shule. Binti akaja nalo, akakaa chini, mzee akaniambia nitaje kila kitu upya, taratibu, aandike. Nikataja. Mwaka 1776, tarehe 14 Septemba. Morice. Watu 1,000. Piastre 20. Piastre 2. Binti akauliza Kilwa inaandikwaje. Nikamwandikia mwenyewe, na chini yake nikaandika Quiloa, kwa sababu ndivyo Wafaransa walivyoiandika kwenye hati zao, na siku akienda kutafuta kwenye nyaraka atalikuta jina hilo, hatalikuta la kwetu. Mzee akataka kujua ni meli gani iliyowaleta watu wake. Nikamwambia sina namna ya kujua, meli zilikuwa nyingi. Hata kama walipitia Kilwa au bandari nyingine siwezi kumwahidi. Akatikisa kichwa, akasema hilo amelielewa, niendelee na mengine.

Akauliza kama nyumba ya sultani bado ipo. Nikamwambia Makutani ni gofu, lakini kuta zimesimama na mtu anaingia ndani akitaka. Akauliza inafikikaje. Mwenzangu akaanza kunijibia kuhusu ndege ya Nairobi, mzee akamkatiza, ndege haikuwa shida yake, alitaka ya kuanzia pale ndege inaposhuka. Basi nikamweleza: unashuka Dar es Salaam, unapanda basi la kusini asubuhi, unavuka Rufiji kwa daraja, unafika Nangurukuru na kukata kushoto hadi Masoko, na kutoka Masoko unavuka kwa mashua kwenda Kisiwani. Binti aliyaandika hayo yote, na alipofika Nangurukuru akaniomba nimtajie tena herufi kwa herufi.