Wajumbe Hupiga Kura, Majina Huletwa

Hapa Arusha, uteuzi wa mgombea urais wa CCM ukizungumzwa ni lazima jina la Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani aliyeukosa uteuzi huo mwaka 2015, litajwe, na mara nyingi lawama huangushiwa wajumbe. Tangu kura za maoni za 2020 imekuwa desturi kusema kwamba wajumbe si watu wazuri. Kwa suala la Lowassa nawatetea, kwa kuwa wajumbe wa Mkutano Mkuu wa Taifa hawakupewa hata nafasi ya kumkataa.

Nguvu ya wajumbe ilionekana vizuri mwaka 1995, walipoletewa majina matatu kule Dodoma: Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya, mwana wa Mwanga, kwa jirani zetu wa Kilimanjaro. Katika duru ya kwanza Kikwete aliongoza kwa kura 534, Mkapa akapata 459 na Msuya 336. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu, Msuya alitoka na kura zikapigwa upya. Mkapa akashinda kwa 686 dhidi ya 639. Ukizipiga hesabu, Mkapa aliongeza kura 227 na Kikwete 105 tu, jambo linaloonyesha kuwa waliokuwa na Msuya ndio walioamua nani awe mgombea. Ni kweli Mwalimu Nyerere alimpigia debe Mkapa, lakini tofauti ya kura 47 si ya watu walioburuzwa.

Mwaka 2015 mambo yalikwenda vingine. Lowassa, mbunge wa Monduli, alitangaza nia mwezi Mei katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na makada zaidi ya 30 wakarudisha fomu. Jina lake lilikatwa kabla ya tano bora kufika Halmashauri Kuu, ambako baadhi ya wajumbe waliimba ukumbini kwamba wana imani naye, huku wajumbe watatu wa Kamati Kuu wakijitenga hadharani na uamuzi huo. Halmashauri Kuu ilipochuja hadi tatu bora, Bernard Membe na January Makamba waliachwa. Mkutano Mkuu ulibaki na John Magufuli, Amina Salum Ali na Asha-Rose Migiro, na Magufuli akazoa kura 2,104. Kabla ya Julai kwisha, Lowassa alikuwa Chadema.

Kwa hiyo anayetaka kujua wajumbe wana uzito gani asianzie kwenye sanduku la kura, bali kwenye kikao kinachoamua ni majina gani yavuke. Januari 2025 hata hatua hiyo haikuwapo: Mkutano Mkuu Maalum ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan kwa azimio, pasipo fomu kuchukuliwa wala majina kuchujwa. Wanaouita uamuzi huo ushahidi wa nguvu ya wajumbe wana hoja, ila mimi napata shida kupima nguvu ya mpiga kura aliyewekewa jina moja.