Pasi ya treni ya Ulaya si tiketi ya kila kitu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba mwenye pasi, yaani tiketi moja ya kusafiria treni za nchi nyingi, hupanda treni yoyote bila swali. Ninaishi Ujerumani, kwa hiyo, ingawa pasipoti yangu ni ya Tanzania, pasi inayonihusu ni Interrail, ilhali mgeni anayetoka Dar es Salaam au Nairobi kwa matembezi hununua Eurail. Zote mbili hutumika katika nchi 33. Nilichagua siku 7 za safari ndani ya mwezi 1, kwani sikuona haja ya kulipia siku ambayo nitaizunguka Vienna kwa miguu. Ndani ya nchi ninayoishi, Interrail huruhusu safari moja tu ya kutoka na moja ya kurudi. Austria na Uswisi niliingia treni nyingi bila kuweka nafasi ya kiti, lakini treni za kasi kama TGV ya Ufaransa na Eurostar hudai malipo ya ziada ya kiti, na viti vya wenye pasi huisha mapema. Treni ya usiku hutumia siku moja tu ya pasi, ile ya kuondoka, mradi usibadilishe treni baada ya saa sita usiku. Safari huingizwa kwenye programu ya simu ya pasi hiyo kabla ya kupanda. Mimi niliwahi kufanya hivyo mlangoni mwa behewa, mtandao ukisuasua.