Karatasi tatu, mi nikaanza na ya udiwani

Mwaka 2010 nilipiga kura kwa kufuata nyumbani. Bi Mkubwa alisema mafiga matatu, mi nikaweka mafiga matatu, rais, mbunge na diwani chama kimoja, nikarudi zangu kupika.

2015 ikawa ngumu. Lowassa katoka CCM Julai kahamia Chadema, UKAWA, ule muungano wa vyama vya upinzani, wakamsimamisha urais, huku CCM na Magufuli wao wa Hapa Kazi Tu, yaani nyumba moja watu hawasalimiani. Kwetu baba mdogo anasema mabadiliko, Bi Mkubwa anasema mafiga matatu, chakula cha usiku kinaisha kwa kelele. Na mi kadi ninayo, nimesota foleni ya BVR, ule uandikishaji wa wapiga kura kwa alama za vidole, siku mbili kuipata, sikutaka kwenda kwa mkumbo tena.

Agosti kikaingia kipindupindu. Kilianzia huku huku Kinondoni, Dar, na sisi tunakaa uswahilini karibu na Mto Ng'ombe, mtaro wetu umeziba kwenye karavati siku nyingi, maji meusi yametuama, na masika ikija watu wanatapisha vyoo humo humo. Mtoto wa mpangaji mwenzangu, miaka minne, alianza kuharisha saa nne usiku, tukambeba kwenye bodaboda macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama vile vile hairudi. Alipona, alhamdulillah. Ila toka usiku ule kila nikisikia spika za kampeni zinapita najiuliza kitu kimoja tu, hivi huu mtaro ni wa nani?

Nikamfuata mzee mmoja jirani aliyestaafu kazi za halmashauri. Akaniambia, "Mwanangu, mtaro wa mtaa na taka ni mambo ya manispaa, bajeti yake inapita kwenye baraza la madiwani. Mbunge naye anaingia kwenye baraza, lakini kazi yake kubwa ni sheria na bajeti ya nchi kule Dodoma. Rais karavati lenu hata halijui." Nilikuwa na miaka 27 na hakuna mtu aliyewahi kunieleza hivyo, na bado inaniuma mpaka leo kwamba watu wengi wanaingia kwenye kituturi cha kupigia kura hawajui karatasi ipi inafanya kazi gani.

Basi nikageuza. Watu wanaanza na urais wanashuka, mi nikaanza na udiwani nikapanda.

Kwenye udiwani niliangalia mtu. Nilienda kwenye vikao vidogo vya wagombea wawili, sio ile mikutano ya muziki, nikauliza swali lile lile kote: ukichaguliwa hilo karavati utalipeleka kikao gani na hela utaitoa wapi? Wa kwanza akasema dada yangu tukimpata rais wetu yote yatakwisha, watu wakapiga makofi, na pembeni khanga na kofia zinagawiwa (takrima, hizo zawadi za wagombea kwa wapiga kura, Mahakama Kuu ilishaifuta toka 2006 jamani). Wa pili akatoa kidaftari mfukoni, kimekunjika, akatusomea: karavati la kwa muuza mkaa, limeziba upande wa juu, mchanga na magunia. Akasema ataanzia Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, ila hela ya mwaka huu wa fedha imeshapangwa, kwa hiyo tusimtarajie kabla ya Julai. Hapo ndo aliponipata, pale alipotuambia tusubiri.

Shida ni kwamba alikuwa wa chama nisichokipenda. Na kwetu hakuna mgombea binafsi, lazima udhaminiwe na chama, kwa hiyo mtu mzuri anakuja na rangi zote za wenzake. Siku tatu sikulala vizuri.

Urais nikaenda kwa sera, maana hao huwezi kuwauliza uso kwa uso. Nilikuwa namlipia mdogo wangu ada ya kidato cha pili nikachukua elimu tu basi. CCM wanasema bure mpaka kidato cha nne, Lowassa anasema elimu, elimu, elimu, bure mpaka chuo kikuu. Nikasoma kila upande unasema hela inatoka wapi, nikapata jibu langu, na hilo ni siri yangu. Ubunge niliamua jana yake usiku, nikampa anayeweza kusimama bungeni akaongea akaeleweka.

Jumapili tarehe 25 Oktoba saa kumi na moja alfajiri niko kwenye foleni shuleni, kituo kinafunguliwa saa moja. Ndani ya kituturi ile karatasi ya udiwani mkono ulinitetemeka, macho yanakwenda yenyewe kwenye nembo niliyoizoea, nikayalazimisha yatafute picha ya yule wa kidaftari nikaweka vema.

Bi Mkubwa akanipokea mlangoni, "Umeweka mafiga?" Nikamwambia, "Mama, figa moja likiwa bovu chungu kinamwagika hata kama yote matatu yametoka jiwe moja." Alinuna siku mbili.

Mtu wangu hakushinda. Alishinda yule wa kofia. Alipokuja mtaani kuitisha mkutano wake wa kwanza nilikaa mbele kabisa na karatasi niliyonakili toka kwenye kile kidaftari, karavati la kwa muuza mkaa, upande wa juu, nikamuuliza swali lile lile, kikao gani na hela gani. Safari hii aliomba kalamu.